Bloti haing'ai, au inang'aa kupita kiasi: kutafuta hitilafu kwenye westani bloti ya HRP na luminoli

Utando wenye protini zilizohamishwa kutoka kwenye jeli umetoka kwenye luminoli, kemikali inayotoa mwanga, mlango wa kamera umefungwa, dakika tano zimepita, na skrini ni nyeusi tii. Wengi wakifika hapo hurudia jaribio zima na kuongeza kingamwili. Mara nyingi hiyo ndiyo hatua mbaya kuliko zote, kwa sababu katika bloti inayosomwa kwa kimeng'enya cha HRP na luminoli, kimeng'enya kilichozidi huzima mwanga sawa na kimeng'enya kilichokosekana. Dalili ni moja, lakini sababu ni mbili, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua uko upande gani.

Tukumbushane kwanza mwanga wenyewe unatoka wapi. HRP ni peroksidasi inayopatikana kwenye mizizi ya mmea wa horseradish, na katika bloti huwa imeunganishwa na kingamwili ya pili, ile inayoshika kingamwili ya kwanza, ambayo nayo hushika protini unayoitafuta. Ikikutana na peroksidi ya hidrojeni, huoksidisha luminoli. Zao lake, 3-aminoftalati, huzaliwa likiwa na nishati ya ziada na kuitoa kama mwanga wa buluu wa karibu nanomita 425. Albrecht alieleza mng'ao huo mwaka 1928, lakini ukiachwa peke yake ni hafifu na hauchelewi kuzimika. Unaoufanya ufae kupima pikogramu za protini ni ule mchanganyiko wenye kiongeza mwanga, ambacho huwa fenoli kama asidi ya p-kumariki au p-iodofenoli. Fenoli hiyo hupokezana elektroni kati ya HRP na luminoli, ikakuza mwanga mara mamia na kuufanya udumu dakika nyingi badala ya sekunde chache. Mchanganyiko huo ndio maabara nyingi huuita ECL.

Jaribio la matone, kabla ya kulaumu sampuli

Jaribio hili huchukua dakika kumi na huokoa siku mbili. Zimua kingamwili ya pili yenye HRP (kwa kawaida huuzwa ikiwa miligramu 1 kwa mililita) kwa 1:1,000, 1:10,000 na 1:100,000 ndani ya TBST (bafa ya Tris yenye chumvi na Tween 20, sabuni laini). Dondosha mikrolita 1 ya kila mzimuo kwenye kipande kikavu cha nitroselulosi (aina ya utando wa bloti). Matone hayo yana takriban nanogramu 1, pikogramu 100 na pikogramu 10. Yaache yakauke, mwagia ECL, piga picha ya dakika moja.

Matone yote matatu yakionekana, ECL, HRP na kamera ni vizima, na tatizo liko nyuma zaidi: protini, uhamishaji, au kingamwili ya kwanza. Likionekana la kwanza tu, ECL imechoka au kingamwili ya pili imepoteza nguvu. Kusipoonekana kitu, chukua mililita 1 ya ECL kwenye tyubu, ingia chumba chenye giza totoro, ongeza mikrolita 1 ya kingamwili ya pili bila kuizimua. Inapaswa kung'aa buluu mbele ya macho yako. Iking'aa, kamera ndiyo ya kuchunguzwa. Isipong'aa, kemikali au kimeng'enya kimekufa. Badilisha kimoja kwa wakati, usibadilishe vyote pamoja, la sivyo hutajua kilichokuwa kibovu.

Mistari myeupe kwenye mandhari nyeusi, au mwanga unaozimika kabla ya picha ya pili

Hii ndiyo hitilafu inayosomwa vibaya kuliko zote. Kwenye filamu, mahali ambapo mstari ungekuwa mweusi kuna pengo jeupe lenye kingo nyeusi. Kwenye kamera hali huwa kinyume: katikati ya mstari kuna shimo jeusi, pembeni kunang'aa. Wakati mwingine hakuna mstari kabisa, lakini ukiutazama utando kwenye mwanga wa kawaida unaona alama ya manjano au ya kahawia palepale protini ilipo. Alama hiyo ni ushahidi wa kutosha. HRP ilikuwa nyingi mahali pamoja, ikamaliza luminoli yote iliyo karibu ndani ya sekunde chache, na viini huru (radikali) vilivyozalishwa vikaunguza kimeng'enya chenyewe. Ulipofunga mlango wa kamera, sherehe ilikuwa imekwisha.

Dalili ndogo za ugonjwa huohuo: unaona mistari kwa macho gizani kisha inafifia, picha ya kwanza ina nguvu, ya pili baada ya dakika kumi ni dhaifu mno, mstari wa protini nyingi unaonekana mwembamba kuliko wa protini kidogo.

Dawa ni kupunguza kingamwili ya pili, na kupunguza kweli, si kutoka 1:2,000 kwenda 1:3,000. Kwa ECL ya kawaida anza na 1:5,000 hadi 1:10,000, yaani nanogramu 200 hadi 100 kwa mililita. Kwa zile ECL za hisi kali, zinazouzwa kwa kupima pikogramu chache au chini yake, anza na 1:50,000 na usiogope kufika 1:100,000. Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea: maabara hununua ECL yenye nguvu kwa sababu mstari ulikuwa hafifu, lakini inaendelea kutumia mzimuo wa zamani wa kingamwili. Matokeo yanakuwa mabaya kuliko mwanzo, na lawama humwangukia muuzaji.

Kama hujui mzimuo unaofaa, usitumie jeli nne. Pakia sampuli ileile kwenye visima vyote, hamisha, kisha kata utando kuwa vipande vinne kwa wembe safi. Kila kipande kipate mzimuo wake wa kingamwili ya pili: 1:5,000, 1:20,000, 1:50,000, 1:100,000. Vipige picha pamoja, halafu tena baada ya dakika 10, 20 na 30. Chagua kipande ambacho mwanga wake umebadilika kidogo tu katika muda huo, hata kama si kinachong'aa zaidi. Mwanga unaodumu maana yake luminoli bado ipo ya kutosha, na hapo tu ndipo ukubwa wa mstari unaeleza kiasi cha protini.

Kuokoa bloti iliyokwisha kuharibika hivi inawezekana kiasi: osha TBST mara tatu, dakika kumi kila mara, mwagia ECL mpya, piga picha papo hapo kwa sekunde 1 hadi 5. Mahali penye alama ya kahawia HRP imekufa na haitafufuka, ila kingo na mistari midogo inaweza kusomeka.

Giza kamili, na matone yamefanya kazi vizuri

Paka Ponceau S, rangi nyekundu inayoshika protini (0.1% ndani ya asidi asetiki 5%), kwenye utando kwa dakika 5, suuza kwa maji yaliyochujwa. Mistari myekundu ikionekana kwenye kila njia (safu ya sampuli moja), protini imehamia. Isipoonekana, angalia mpangilio wa sandwichi (jeli na utando vilivyobanwa pamoja): protini zenye SDS, ile sabuni ya jeli, zina chaji hasi, hivyo zinaelekea kwenye anodi (upande chanya), na utando lazima uwe kati ya jeli na anodi. Ukiugeuza, protini zako zote zimeishia kwenye bafa. Kama unatumia PVDF (utando wa plastiki), ulilowanishwa kwa methanoli sekunde 15 hadi 30 kabla ya bafa? PVDF kavu hukataa maji, na ukiulaza hivyo hivyo utaona madoa meupe yasiyolowana. Protini haikamati hapo.

Protini kubwa, juu ya kilodaltoni 150, husita kutoka kwenye jeli. Punguza methanoli ya bafa ya uhamishaji kutoka 20% hadi 10%, ongeza SDS 0.05%, na hamisha usiku kucha kwa volti 30 kwenye ubaridi. Ndogo, chini ya kilodaltoni 20, zina tabia ya kupenya utando na kutokea upande wa pili. Tumia utando wa matundu ya mikromita 0.2 badala ya 0.45 na fupisha muda.

Ponceau ikiwa nzuri, twende kwenye kingamwili. Je, ya pili inaitambua ya kwanza? Linasikika kama swali la kitoto, lakini kingamwili ya pili dhidi ya panya kumwagiwa juu ya kingamwili ya kwanza ya sungura ni ajali ya kila wiki. Dondosha mikrolita 1 ya kingamwili ya kwanza, iliyozimuliwa 1:100, kwenye nitroselulosi, ziba kwa maziwa (yafunike nafasi tupu za utando zisishike kingamwili), weka ya pili, osha, weka ECL. Tone likikaa gizani, hazitambuani.

Halafu kuna azidi ya sodiamu. Huwekwa kwenye kingamwili kama kihifadhi, mara nyingi 0.02%, nayo huzima HRP. Ndani ya kingamwili ya kwanza haina madhara ukiosha vizuri, maana inaondoka na bafa; kwa sababu hiyo unaweza kuweka azidi kwenye mzimuo wa kwanza unaotaka kuutumia tena. Usiiweke kamwe kwenye kingamwili ya pili, wala kwenye bafa ya kuoshea, wala kwenye chupa ya TBST ambayo mtu mwingine ataitumia. Chupa isiyo na lebo ya tarehe na vilivyomo imwagwe.

Utando wote unang'aa

Mandharinyuma iliyopanda sawasawa kote ina wahusika watatu wa kawaida: kuziba kusikotosha, kuosha kusikotosha, na kingamwili kupita kiasi. Anza na wa tatu, kwani ndiye rahisi kumsahihisha na ndiye mwenye hatia mara nyingi. Kisha osha mara tano, dakika tano kila mara, kwa TBST yenye Tween 20 ya 0.1%, ukimwaga na kuweka bafa mpya na trei ikitikisika muda wote. Kuosha mara moja kwa dakika 25 si sawa na kuosha mara tano kwa dakika tano, hata kama saa inasema ni dakika zilezile.

Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, 5%, saa moja, yanatosha kwa kazi nyingi. Kuna mahali hayafai. Ukitafuta protini zenye fosfati, kaseini ya maziwa nayo ina fosfati na baadhi ya kingamwili zitaishika; tumia BSA (albumini ya ng'ombe) 3% hadi 5%. Ukitumia streptavidini (protini inayoshika biotini) yenye HRP, biotini ya maziwa itaivuta kabla haijafika kwenye protini yako. Maziwa pia huharibika: yaliyolala mezani usiku kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hayafai kuwekwa juu ya utando asubuhi. Tengeneza siku hiyohiyo, na uchuje kwa karatasi ya chujio.

Utando uliokauka katikati ya jaribio, hata kona tu, hung'aa palepale ulipokaukia. Feni ya dari ikielekezwa mezani hukausha ukingo wa utando ndani ya dakika chache. Trei ifunikwe.

Sasa mandhari inayong'aa hata kwenye kipande ambacho hakikupata kingamwili yoyote. Hapo usihangaike na kuziba. Luminoli haihitaji HRP ili itoe mwanga. Ioni za shaba, chuma na kobalti huiwasha, na hipokloriti huioksidisha moja kwa moja. Katika maabara nyingi za kwetu meza na trei hufutwa kwa jiki. Trei iliyosuuzwa harakaharaka baada ya jiki itawasha ECL yako kama taa, na kile kiasi kidogo kinachobaki kinatosha pia kuua HRP. Kwa hiyo trei za bloti ziwe na kabati lake, zioshwe kwa sabuni isiyo na klorini na kusuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochujwa. Koleo za chuma zenye kutu zisiguse ECL. Za plastiki ni za bei ndogo na hazina tabu.

Nukta nyeusi, madoa, na alama za vidole

Nukta ndogo zilizotawanyika kama pilipili manga ni chembe za HRP zilizogandamana. Zungusha kingamwili ya pili kwenye sentrifuji, 10,000 × g kwa dakika 5, na uchukue ya juu bila kugusa chini. Chembe za maziwa yasiyoyeyuka hutoa nukta kubwa kidogo zenye umbo lisilo sawa. Alama zenye umbo la ncha ya koleo au kidole zinajieleza: glavu ileile iliyoshika chupa ya HRP imeshika utando.

Duara jeupe safi ndani ya mstari ni kiputo cha hewa wakati wa kuhamisha. Bingirisha tyubu ya mililita 15 juu ya sandwichi kabla ya kuifunga. Nusu ya utando ikiwa hafifu kuliko nyingine, kwa kawaida ECL haikuenea. Hesabu mililita 0.1 kwa kila sentimita ya mraba. Utando wa sentimita 7 kwa 8.5 unataka mililita 6. Kumwaga mililita 1 na kuisambaza kwa kidole juu ya nailoni ni kujipunja. Loweka dakika 1 hadi 5, shika utando kwa kona, gusisha ukingo kwenye karatasi ya tishu ili matone yashuke, funika kwa nailoni safi bila viputo, piga picha.

Na ECL iwe imetoka friji mapema. Ikimwagwa ikiwa na nyuzi 4 mmenyuko huanza polepole, picha ya kwanza huwa hafifu na ya tatu huwa kali, na ukilinganisha bloti mbili zilizopigwa kwa joto tofauti unalinganisha joto.

Mistari ya ziada

Pita haraka hapa, kwani hili si suala la mwanga. Endesha kipande kimoja bila kingamwili ya kwanza. Mistari ikibaki, ni ya kingamwili ya pili. Mistari ya kilodaltoni 50 na 25 baada ya kunasa protini kwa kingamwili ni minyororo ya kingamwili yenyewe. Mistari midogo chini ya ule unaoutaka ni protini iliyovunjika. Weka vizuizi vya protiasi (vimeng'enya vinavyokata protini) na ufanye kazi kwenye barafu.

ECL ya kujitengenezea iliyoishiwa nguvu

Pale ambapo kifurushi cha kununua huchukua wiki nyingi kufika, mchanganyiko wa mezani hufanya kazi vizuri kwa protini zisizo haba. Luminoli milimola 250 kwa lita: gramu 0.44 ndani ya mililita 10 za DMSO (kiyeyushi). Asidi ya p-kumariki milimola 90: gramu 0.148 ndani ya mililita 10 za DMSO. Gawa kwenye tyubu ndogo, funga kwa karatasi ya aluminiamu, hifadhi nyuzi −20. Siku ya kazi: mililita 10 za Tris milimola 100 yenye pH 8.5, mikrolita 50 za luminoli, mikrolita 22 za asidi ya kumariki, na mwisho kabisa mikrolita 3 za peroksidi ya hidrojeni 30%. Tumia papo hapo.

Ikidhoofika, peroksidi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Chupa iliyofunguliwa muda mrefu, au iliyokaa kwenye friji lililozimika umeme mara kwa mara, huwa si 30% tena. Usijaribu kufidia kwa kumimina zaidi, kwani peroksidi iliyozidi huua HRP. Hata hutumiwa makusudi kuizima kabla ya kuweka kingamwili nyingine, dakika 15 ndani ya 30% kwa nyuzi 37. Fungua chupa mpya. Ukiwa na ile ya 3% tu, ongeza ujazo mara kumi, yaani mikrolita 30.

Mshukiwa wa pili ni pH. Luminoli hupenda alkali kali, HRP haipendi, na 8.5 ni suluhu ya wote wawili. pH ya Tris hushuka takriban 0.028 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Ukiirekebisha hadi 8.5 kwenye chumba cha nyuzi 32, ikipoa hadi 25 inakuwa karibu 8.7, ukiirekebisha ikiwa bado ya moto kutokana na asidi uliyomimina, itapotoka zaidi. Iache ipoe ndipo upime.

Picha ni nzuri lakini namba hazilingani

Umepakia mikrogramu 10 na 20, na programu inasema tofauti ni asilimia 15 tu. Angalia pikseli. Kamera ya biti 16 huishia 65,535, na mstari uliofika hapo umekatwa kichwa. Rangi nyeusi nzuri machoni ni takwimu isiyo na maana. Programu nyingi huonyesha pikseli zilizojaa kwa rangi nyekundu, lakini mtu huzima kipengele hicho kwa sababu kinaharibu uzuri wa picha. Kiwashe. Piga mfululizo wa sekunde 5, 15, 30, 60, 120 na 300, na upime kwenye ile ndefu kuliko zote isiyo na pikseli iliyojaa hata moja.

Kama hakuna iliyojaa na bado namba zimebanana, rudi kwenye kingamwili ya pili: luminoli inakwisha mapema kwenye mstari mzito, na kamera inapima uchovu wake. Endesha ngazi ya sampuli moja, mikrogramu 5, 10, 20 na 40, na uchore grafu. Mahali mstari wa grafu unapoanza kuinama ndipo mwisho wa kipimo chako, na sampuli zako zipakiwe chini ya hapo. Hili lifanyike pia kwa protini ya kulinganishia kama aktini, ambayo huwa nyingi mno na hujaa kabla ya nyingine zote. Filamu ya eksirei isitumike kwa kupima kiasi. Upana wake wa kupima kwa usahihi ni mdogo sana, na ikishakuwa nyeusi haiwezi kuwa nyeusi zaidi.

Mwisho, pikseli moja moja zinazong'aa kama nyota mahali palepale kwenye kila picha si HRP. Piga dakika 5 bila utando, mlango umefungwa. Nyota zikibaki, ni pikseli za moto za kihisi: subiri kipoe hadi joto lililowekwa kabla ya kuanza, na utoe picha hiyo ya giza kwenye picha ya bloti. Ukungu ukiingia kutoka upande mmoja, mpira wa mlango umechoka na mwanga wa chumba unapenya. Zima taa, piga tena, na ukitoweka agiza mpira mpya.